Kuupima mtaa wa nishati safi: cheti cha nje, tathmini ya kisheria, ngazi za nishati au daftari la mtaa?

Jioni moja ya mwezi Julai, katika mtaa wa viwanja vilivyopimwa upande wa Uyole, jijini Mbeya, nilikaribishwa jikoni na mama mmoja ambaye juu ya bati lake kulikuwa na paneli mbili za sola, na ambaye jiko lake la gesi la plati mbili lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza kama mtungi umeisha. "Haujaisha, mwanangu," alinijibu, "ila gesi ni ya chai. Maharage yako nje." Nje, chini ya upenu, sufuria ilikuwa juu ya jiko la mkaa, na giza lilipoingia jiko hilohilo likahamishiwa sebuleni ili kupunguza baridi. Katika fomu niliyokuwa nimeishika, iliyotungwa kwa kufuata mfumo wa nje ya nchi, nyumba ile ilikuwa imekwishapata alama zake zote za nishati.

Ulinganisho huu umetokana na fomu ile. Umeandikwa kwa ajili ya kamati za mitaa, vyama vya ushirika wa nyumba na maofisa mipangomiji wa Mbeya, Iringa na miji midogo kama Mafinga, Makambako na Tukuyu, ambao wanatakiwa kusema kama mtaa unaoitwa wa nishati safi ni endelevu kweli, na ambao hawana fedha za kujaribu kila kipimo kilichopo. Njia nilizozilinganisha ni nne: vyeti vya kimataifa vya mitaa endelevu, Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayotakiwa na sheria, mfumo wa ngazi za upatikanaji wa nishati ulioasisiwa chini ya Benki ya Dunia, na daftari la matumizi linaloandikwa na wakazi wenyewe.

Kwanza, tunapima nini?

Kipimo chochote kitakachotumika Nyanda za Juu Kusini kinapaswa kuelewa mambo matatu. La kwanza ni mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, na kwa sababu hiyo maharage na makande hukaa motoni muda mrefu kuliko yanavyokaa Dar es Salaam. Jiko la huku, basi, linadai nishati nyingi zaidi kwa sufuria ileile. La pili ni baridi ya Juni na Julai. Mifumo mingi inayopendekezwa kwa nchi za joto huuliza nyumba inapozwa namna gani, ilhali Mbeya, Njombe na Mufindi swali lenye uzito ni nyumba inapashwa joto kwa kitu gani, na jibu la wengi ni jiko la mkaa lililoingizwa ndani, jambo ambalo limekwishaua watu usingizini kwa hewa ya sumu isiyokuwa na harufu.

La tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji: Kidatu ina megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80, na Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Maana yake ni kwamba paneli ya sola inayochukua nafasi ya uniti ya gridi huokoa kaboni kidogo tu. Thamani yake kubwa ni kuwa na taa wakati gridi imekatika, na anayeukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, hawezi kuidharau thamani hiyo. (Paneli pia hupenda baridi yetu, kwa kuwa huzalisha vizuri zaidi zisipopata joto kali.) Gunia la mkaa ni habari nyingine. Kilo 1 ya mkaa uliochomwa kwenye tanuri la kienyeji la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni, na kuni hizo hutoka kwenye miombo ambayo mkazi wa mtaani haioni. Kipimo kinachoipa paneli alama nyingi kuliko sufuria, kwa maoni yangu, kimeanza kuhesabu mahali pasipostahili.

Vyeti vya kimataifa

Vinavyotajwa zaidi ni vitatu. LEED ND ya Marekani ilianza kwa majaribio mwaka 2007. Ina pointi 110, na mtaa unaopata 40 hupewa cheti, huku ngazi ya juu kabisa ikianzia pointi 80. BREEAM Communities ya Uingereza huenda kwa hatua tatu, tangu wazo la mradi mpaka michoro ya kina, na hugawa maswali yake katika utawala, ustawi wa jamii na uchumi, rasilimali na nishati, ardhi na ikolojia, na usafiri. CASBEE ya Japani, ambayo toleo lake la maendeleo ya miji lilitoka mwaka 2006, huchora mpaka wa kufikirika kuuzunguka mtaa, kisha hugawanya ubora wa maisha ulio ndani ya mpaka kwa mzigo wa mazingira unaotupwa nje. Uwiano ukifika 3 mtaa hupata daraja S, na ukishuka chini ya 0.5 hupata C.

Sitaki kuvibeza, kwa sababu kila kimoja kina jambo la kujifunza. LEED ND huanza kwa kuuliza mtaa uko wapi kabla ya kuuliza umejengwaje, na swali hilo linaigusa Mbeya moja kwa moja, kwa kuwa jiji limejinyoosha kandokando ya barabara kuu ya Zambia kutoka Uyole hadi Iwambi, na viwanja vipya vinazidi kupanda milimani, mbali na soko na daladala. Iringa nayo ina kilima chake: anayeishi Ipogolo na kufanya kazi mjini hupanda na kushuka kila siku, na bajaji inayompandisha haitumii maji ya Kidatu. BREEAM hudai wakazi washauriwe kabla michoro haijakamilika, si kuitwa mkutanoni kuonyeshwa kilichokwishaamuliwa. CASBEE nayo, ukiufuata uwiano wake kwa uaminifu, hukulazimisha kukiri kwamba kisiki kilichobaki Chunya ni mzigo wa mtaa ulioteketeza mkaa wake Mbeya mjini.

Udhaifu wa kwanza ni jiko. Katika pointi 110 za LEED ND, zile zinazohusu nishati moja kwa moja hazifiki 15, nazo zinazungumzia majengo, taa za barabarani, uelekeo wa nyumba kwa jua na uzalishaji wa umeme. Hakuna panapoulizwa chakula kinapikwa kwa nini, kwa sababu kule mfumo ulikotungwa swali hilo lina majibu mawili tu, na yote mawili hupita kwenye mita. Udhaifu wa pili ni wakati. Vyeti hivi kwa kiasi kikubwa hupima mpango na ujenzi, ilhali mtaa huzeeka. Mfano unaofundisha ni BedZED, makazi ya nyumba zipatazo 100 kusini mwa London yaliyokamilika mwaka 2002 na kusifiwa kote duniani. Mtambo wake wa kuzalisha umeme na joto kwa vipande vya mbao ulishindwa kufanya kazi ipasavyo, na wakazi wakaishia kupashiwa maji kwa gesi. Nyumba zenyewe ziliendelea kuwa nzuri, lakini aliyezipima kwa michoro asingeweza kuliona hilo. Udhaifu wa tatu hauhitaji maelezo marefu: ada hulipwa kwa fedha za kigeni, na wataalamu wenye sifa za kutathmini ni wachache.

Tathmini ya kisheria

Tathmini ya Athari kwa Mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, si jambo la kuchagua pale mradi unapoangukia kwenye orodha ya miradi inayoihitaji. Kwa hiyo ulinganisho hapa ni mfupi. Huuliza mradi utadhuru nini na madhara yatapunguzwaje, na haikutungwa ili kusema mtaa uliokwishakaliwa unaishi kwa nishati gani. Faida yake moja isipotee: ndani yake kuna mpango wa usimamizi na ufuatiliaji, na humo ndimo kamati inaweza kudai kujua nyumba zitajengwa kwa tofali za aina gani. Huku kwetu tofali za kuchoma ni fahari ya fundi na ya mwenye nyumba, lakini tanuri moja humeza lori la kuni. Mtaa unaojiita wa nishati safi ilhali kuta zake zimeiva kwa magogo una deni ambalo paneli za sola huchukua miaka mingi kulilipa, hasa ikikumbukwa kwamba zinashindana na umeme wa maji. Tofali za kufungamana zisizochomwa zipo, na mafundi wanaozifyatua wapo.

Ngazi za upatikanaji wa nishati

Mfumo huu ulitolewa mwaka 2015 chini ya ESMAP, programu ya Benki ya Dunia ya masuala ya nishati, na huipanga nyumba katika ngazi 0 hadi 5, mara moja kwa umeme na mara ya pili kwa kupikia. Kwa umeme huangaliwa uwezo, saa za kupatikana, kukatikakatika, ubora wa volti, unafuu wa bei, uhalali wa muunganisho na usalama. Kwa kupikia huangaliwa moshi unaovutwa, ufanisi wa jiko, usumbufu wa kuandaa, usalama, bei na upatikanaji wa nishati yenyewe. Nyumba hupewa ngazi ya kigezo kilichoshika mkia. Mwenye umeme saa 23 kwa siku ambaye volti yake hushuka kila jioni hawezi kujificha nyuma ya zile saa 23.

Kanuni hiyo ya mkia ndiyo iliyonishawishi. Yule mama wa Uyole angepata ngazi nzuri ya umeme na ngazi duni ya kupikia, na tofauti kati ya namba hizo mbili ingeieleza nyumba yake vizuri kuliko cheti chochote. Mfumo huu pia haudhani kwamba nyumba ina jiko moja. Huuliza majiko yote, na kila moja linatumika muda gani.

Kigezo cha bei kinafaa sana hapa nchini, kwa sababu ya namna umeme wa majumbani ulivyopangiwa bei. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Fanya hesabu: uniti 75 ni shilingi 7,500, lakini uniti 100 kwa mteja wa kawaida ni shilingi 29,200. Familia yenye friji, televisheni na taa ikiongeza jiko la umeme la koili huvuka mstari huo haraka. Ndiyo maana watu huogopa kupikia umeme hata pale ambapo jiko la presha la umeme lingewafaa. Nilipolijaribu nyumbani kwa kusoma mita ya LUKU kabla na baada, nusu kilo ya maharage ilikula chini ya nusu uniti, na presha ilikuwa imeliondoa lile tatizo la nyuzi 94. Tathmini isiyouliza nyumba iko kundi gani la bei haiwezi kueleza kwa nini jiko la umeme limebaki kwenye boksi lake juu ya kabati.

Mfumo wa ngazi una mapengo mawili. Hupima nyumba, haupimi mtaa: hauulizi umbali wa soko, mifereji, wala kama taa za sola za barabarani bado zinawaka. Tena huhitaji usaili wa uangalifu. Katika mtaa wenye nyumba 400, ukisaili nyumba 60 zilizochaguliwa kwa kura, matokeo yake yanaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 12 hivi kila upande. Ukiongeza hadi nyumba 100, pengo hushuka karibu na asilimia 9. Kwa kazi ya kamati, 60 zinatosha, mradi zisichaguliwe na mwenyekiti.

Daftari la mtaa

Njia ya nne haina makao makuu popote. Kila nyumba iliyokubali kushiriki huandika uniti za LUKU ilizonunua, ambazo tayari ziko kwenye ujumbe wa simu, tarehe ya kubadilisha mtungi wa gesi, na mkaa ulionunuliwa, uwe wa gunia, debe au kopo. Mkaa hupimwa kwa mizani mara chache ili kujua debe la mtaa huo lina kilo ngapi, kwa maana debe la soko la Mwanjelwa na debe la muuzaji wa pembeni si ndugu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo 1 ya gesi ina nishati sawa na uniti 12.8 hivi za umeme, na jiko zuri huifikisha kwenye sufuria zaidi kidogo ya nusu. Kilo 1 ya mkaa ina uniti kama 8, na jiko la kawaida hufikisha kama robo. Chukua nyumba inayomaliza mtungi wa kilo 6 na kilo 30 za mkaa kwa mwezi: gesi imeipa sufuria uniti 42 hivi, mkaa 60. Mwenye nyumba hiyo akiulizwa hujibu kwamba anapikia gesi, na hasemi uongo, ila joto lililoivisha chakula chake kwa sehemu kubwa lilikuwa la mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kumhesabu mwenye mtungi na kuuhesabu mtungi unaotumika ni mambo mawili yanayoweza kutoa majibu mbalimbali kabisa.

Daftari lina matatizo yake, na nimeyaona. Watu huchoka mwezi wa tatu. Wengine, wakisikia kwamba mpimaji anatafuta nishati safi, huficha gunia chumbani. Anayelishika ndiye anayeamua kama litadumu, na uzoefu wangu ni kwamba kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, ambacho tayari hukutana kila wiki na kina mtunza vitabu anayeaminiwa, hulitunza vizuri kuliko ofisi ya mtaa. Kuna pia safu zenye utata. Briketi za makaa ya mawe ya Kiwira haziangushi mti, lakini ni kaboni iliyochimbwa ardhini, kwa hiyo ninashauri ziandikwe safu yao peke yao, zisichanganywe na gesi wala mkaa. Mafinga wana mabanzi na vumbi la mbao kutoka viwanda vinavyopasua miti ya shamba la Sao Hill: mti ulipandwa na utapandwa tena, lakini moshi unaoingia kifuani ni uleule. Hapo panahitajika safu mbili, ya chanzo na ya moshi.

Njia hizi zikikutana na mitaa miwili

Nimezipitisha kwenye mtaa ule wa Uyole na kwenye mtaa mkongwe uliosongamana jirani na soko la Mwanjelwa. Kwa macho ya cheti, ule wa Uyole una barabara zilizopangwa, nafasi za wazi na nyumba zinazoelekea jua, ingawa hupoteza pointi za mahali ulipo. Ule wa Mwanjelwa haukidhi hata masharti ya kuingia, kwa kuwa haukupangwa, japokuwa wakazi wake huenda sokoni, shuleni na kituoni kwa miguu, jambo ambalo LEED ND yenyewe hulitamani. Tathmini ya kisheria haina la kusema kuhusu mtaa uliojengwa zamani kiwanja kwa kiwanja. Ngazi za nishati ziliuweka wa Uyole juu kwa umeme, kwa sababu ya sola wakati wa kukatika, na kwa kupikia mitaa yote miwili ilibaki chini. Daftari ndilo lililotoa habari ambayo sikuitarajia: nyumba za Uyole, zenye ua na mahali pa kuhifadhi, hununua gunia zima na kuchoma mkaa mwingi zaidi, wakati za Mwanjelwa hununua kopo kwa bei ya juu zaidi kwa kilo, na kwa ajili hiyo huubana. Taa za sola za barabarani nilizihesabu usiku kwa kutembea: Uyole zaidi ya nusu zilikuwa gizani, betri zimekufa, na paneli zake zingali ziking'aa mchana.

Uamuzi unategemea anayechagua. Mwendelezaji anayetafuta mkopo au mnunuzi wa nje atahitaji cheti, na kati ya vile vitatu ningemwelekeza BREEAM, kwa sababu ya sharti la kuwashauri wakazi. Halmashauri inayotaka kulinganisha kata zake mwaka hadi mwaka ichukue mfumo wa ngazi, iongeze maswali mawili: umbali wa kwenda sokoni na idadi ya taa zinazowaka usiku. Kamati ya mtaa au ushirika wenye fedha kidogo uchukue daftari, nyumba 60, mwaka mzima, ukisaidiwa na wanafunzi wa chuo kilicho jirani kufanya hesabu. Mnunuzi wa kiwanja, ambaye hana muda wa yote hayo, apite mtaani siku ya Jumapili alasiri na atazame chini ya upenu.

Kwa wanaochagua daftari, lianze mwezi Juni. Likianza Januari, miezi mitano ya kwanza itaonyesha mtaa unaopikia nje tu, na wakati jiko linaingizwa sebuleni waandikaji watakuwa wamekwishachoka.